Miaka 18 imegonga, begi mlangoni!

Leo nawahamisha kidogo. Tuache habari za nani kamwacha nani, tupande basi twende Tukuyu, makao makuu ya Rungwe, kule ambako mvua haiulizi sasa ni mwezi gani. Wenyeji wenyewe watakwambia: ukija kwetu acha miwani ya jua nyumbani, beba mwavuli.

Nilikuwa pale stendi asubuhi, nasaka Coaster ya kwenda Mbeya. Rasharasha inashuka, ile isiyokulowesha vizuri wala kukuacha mkavu. Wapiga debe wananivuta, huyu mkono huu, huyu mkono ule. "Mbeya hiyo, siti ya mbele, braza!" Nikapanda. Siti ya mbele ilikuwa ya nyuma, lakini hayo tumeshazoea.

Mara akaja kukaa pembeni yangu kijana mwembamba, miaka kumi na tisa hivi. Mgongoni begi, mkono mmoja ndoo ya plastiki yenye sufuria ndani, mkono wa pili godoro la sponji kalikunja na kulifunga kamba. Hilo godoro likazua kasheshe. Konda anataka lilipe nauli kama mtu. Kijana anasema halina miguu wala halikai kwenye siti. Mabishano yakaishia kwenye buku mbili, godoro likapanda juu na turubai lake.

"Shikamoo kaka," akanisalimia alipotulia.

"Marahaba, mdogo wangu. Naona unahama."

"Nahama, kaka. Muda wangu umeisha."

"Muda wa nini? Usiniambie ulikuwa na kifungo!"

Akacheka. "Wa kulelewa."

Jamani, nikanyamaza. Nimesikia watu wakisema muda wa maongezi umeisha, muda wa bando umeisha. Muda wa kulelewa? Hilo lilikuwa geni masikioni mwangu.

Kisa chake ni kifupi. Wazazi waliondoka akiwa mdogo, akakaa na bibi, bibi naye akafariki, akapelekwa kwenye makao ya watoto. Huko akala, akavaa, akasoma mpaka kidato cha sita, na matokeo yametoka kapasua vizuri tu. Sasa ni mtu mzima, na kitanda chake kinasubiriwa na mtoto mwingine. "Hawajanifukuza kwa ubaya, kaka," aliniambia mara mbili, kama vile anaogopa nitawaandika gazetini. "Kuna wadogo wanakuja, nafasi hakuna." Wakampa godoro, ndoo, sufuria na maombi. Anakwenda kujibanza kwenye geto la mshikaji wake Uyole mpaka chuo kifunguliwe.

Ndani ya sweta alikuwa amebana bahasha ya kaki isilowe. Tulipofika Kiwira akaifungua, akanionyesha yaliyomo, kama mwenzako anavyokuonyesha picha za harusi. Vilikuwa vyeti viwili vya vifo.

"Huyu mzee, huyu bi mkubwa," akasema. "Hivi ndivyo vitanipatia mkopo. Kimebaki kitu kimoja tu."

"Kipi?"

"Mdhamini."

Ndugu zangu, mimi ni mwongeaji sana, mnanijua. Lakini pale ghafla nikaanza kutazama migomba dirishani kana kwamba sijawahi kuona mgomba.

KUMI NA NANE NI NAMBA TU?

Tuweke mambo sawa kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yule aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2012 zikaja kanuni zake, zikiwemo za makao ya watoto na za malezi ya kambo, yaani mtoto kuwekwa kwa familia isiyo yake ikamlea chini ya macho ya ustawi wa jamii. Sheria nzuri na imeokoa wengi. Lakini ukiifuata kwa mahesabu ya kalenda, usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa unalala ukiwa mtoto, asubuhi unaamka jitu zima!

Wewe msomaji wangu unayesoma hapa, ulipotimiza 18 nani alikutolea begi mlangoni? Wengi wetu tuko na 25, na 30, na bado tukiishiwa tunapiga simu nyumbani: "Mama, hali ya huku si nzuri." Mama anauza ndizi mikungu miwili, anatuma kwenye simu, mambo yanakwenda. Likizo tunarudi kula kande za bure na kulalamika kwamba chumvi imezidi. Hatuuiti msaada huo, tunauita nyumbani.

Sasa mwenzetu huyu hana namba ya kupiga. Hapo ndipo tofauti ilipo. Akili anazo na bidii pia, lakini akiteleza hana pa kushika.

Na msidhani ni mmoja wa bahati mbaya. Ukanda huu barabara kuu ndiyo neema na ndiyo msiba. Malori yanatoka Dar, yanapita Uyole, yanakata kushoto kushuka Tukuyu mpaka mpakani Kasumulu kwenda Malawi. Utafiti wa kitaifa wa Ukimwi wa mwaka 2003-04 ulikuta Mbeya ikiongoza nchi nzima, kiasi cha asilimia 13 na nusu ya watu wazima wakiwa na virusi, wakati Taifa lilikuwa asilimia 7. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure mwishoni mwa 2004. Kwa wengine zilifika wakati jeneza limeshapita. Watoto walioachwa miaka ile wengine wakalelewa na bibi, wengine na shangazi, wengine makaoni. Waliwahi kuwa habari ya ukurasa wa mbele. Walipokua, waandishi tukaondoka na kamera zetu.

FOMU INAPOGEUKA MTIHANI

Haya, tuje kwenye bumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ikaanza kazi 2005. Yatima ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele. Safi kabisa. Tena fedha ya chakula na malazi ilipanda mwaka wa masomo 2022/23 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Na tangu 2023/24 hata wa stashahada wakaanza kukopeshwa, kwa zile kozi za kipaumbele kama afya, ualimu, kilimo na nyinginezo. Kabla ya hapo, anayekwenda kusomea uganga wa kituo cha afya alikuwa anajijua mwenyewe.

Lakini kabla ya bumu kuna fomu, na fomu ina meno.

Kwanza, uyatima lazima uwe na karatasi. Huwezi kwenda kulia tu pale ukaeleweka. Vinatakiwa vyeti vya vifo, na vihakikiwe na RITA. Sasa niambieni, mzee aliyefariki kijijini miaka kumi na tano iliyopita, akazikwa nyuma ya nyumba katikati ya migomba, nani alikumbuka kukimbilia ofisini kusajili? Sheria inasema kifo kiripotiwe ndani ya siku 30. Wengi wetu siku 30 zile tunakuwa tunagombania vyombo na mabati. Matokeo yake mtoto anafika kidato cha sita, dirisha la maombi limefunguliwa, ndipo anaanza kuzunguka kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya mkuu wa wilaya kutafuta kuthibitisha kwamba baba yake kweli alikufa. Usajili wa kuchelewa unawezekana, lakini una safari, na safari ina nauli.

Vyeti vya kuzaliwa angalau hali imebadilika. Julai 2013 mkoa wa Mbeya ulianza mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa vyeti bure, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Watoto wale ndio hao sasa wanakaribia umri wa chuo. Vya wazazi waliokufa bado ni juu yetu.

Pili, saini. Fomu inataka saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, ya wakili au hakimu, na ya mdhamini mwenye picha na kitambulisho chake. Aliyekulia makaoni mtaa wake upi? Mwenyekiti gani anamjua kwa sura? Na mdhamini ndio usiseme. Mjomba yupo, lakini mjomba huyo huyo ndiye analima shamba la chai la marehemu. Akiona kijana anakuja na makaratasi anadhani kafuata urithi, simu inazimwa!

Tatu, hata mkopo ukitoka, haukukuti stendi. Unaripoti chuoni, unajisajili, unasaini, ndipo fedha inaingia, tena kwa awamu. Hizo wiki za mwanzo unakula nini? Nauli, bima ya afya, picha, kutoa kopi, chumba. Vijana wengi hawaanguki kwa mtihani wa hesabu. Wanaangushwa na laki moja ya wiki mbili za kwanza.

Na nne, hii ndiyo niliyokuwa sijawahi kuifikiria hata siku moja mpaka yule kijana aliponiuliza, tukiwa tumeshapita Isongole na viazi vyake: "Hivi kaka, chuo kikifungwa, wanaruhusu mtu kubaki?"

Wenzake wote wanasubiri likizo kwa hamu. Yeye anaihofia. Kuanzia Julai hosteli zinafungwa, bumu halipo, kila mtu anasema "tutaonana mwezi wa kumi" na kuondoka na begi. Yeye aende wapi na godoro lake?

MAREKANI NAKO WANALIA

Wala msidhani ni sisi maskini tu. Marekani kwenyewe, tajiri wa dunia, vijana waliolelewa na familia za kambo kwa gharama ya serikali walikuwa wanatolewa wakifika 18. Mwaka 1999 wakapitisha sheria yenye jina la Seneta John Chafee ya kuwasaidia kujitegemea, baadaye ikaongezwa fedha ya masomo, hadi dola 5,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Majimbo mengi sasa yanawaruhusu kubaki kwenye malezi mpaka 21. Na bado, watafiti waliowafuatilia vijana wa aina hiyo mpaka miaka ya ishirini na kitu, walikuta chini ya mmoja katika kumi ndiye aliyemaliza na shahada mkononi.

Nini kilisaidia pale kilipofanikiwa? Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichopo Fullerton kilianza mwaka 1998 mpango wa kuwachukua vijana hawa. Ada haikuwa kitu pekee. Kuna mtu mmoja pale chuoni ambaye kazi yake ni kuwajua kwa majina, na kuna mahali pa kulala mwaka mzima, likizo ikiwemo. Mtu na kitanda. Basi! Vyuo vingine vingi vikaiga.

Kenya kwa upande wao, waliopitia makaoni wameunda chama chao wenyewe, wanashikana mikono na kuisemea serikali wanachokijua kwa ngozi zao. Wadogo zetu hapa nao wafikirie.

WAZEE WA RUNGWE WALILIJUA HILI

Sasa nichekesheni nyie mnaosema mambo haya ya kisasa hayatuhusu. Rungwe kwenyewe, zamani, kijana alitoka nyumbani mapema kuliko makao yoyote. Monica Wilson, yule mtaalamu aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kutoa kitabu chake "Good Company" mwaka 1951, ameeleza vizuri. Mvulana akifika miaka kumi hivi aliacha kulala kwa baba yake. Alikwenda kujenga vibanda na vijana wa rika lake, kijiji chao wenyewe pembeni.

Lakini subirini! Chakula walikula wapi? Kwa mama zao, tena kwa zamu. Kundi zima linakwenda leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Na mashambani walilima kwa baba mpaka wanaoa. Kwa hiyo kijana alitoka, lakini hakutolewa. Hata aliyefiwa na mama alikuwa na rika, na rika lilikuwa na vyungu vingi.

Sisi tumechukua kile cha kutoka, tumeacha kile cha vyungu.

HAYA, TUFANYEJE?

Najua mtaniambia, "Wewe mwandishi, sisi wenyewe ukata umetukalia kooni." Sawa. Sijaja kuchangisha. Nasema vitu vidogo.

Kama kuna msiba nyumbani, sajilini kifo mapema. Msisubiri mtoto afike kidato cha sita. Cheti kile ndicho urithi wa kwanza, tena hakuna mjomba anayeweza kukilima.

Kama una kitambulisho na unamjua kijana wa namna hii, ni mtoto wa kanisani kwenu, ulimfundisha, alikusaidia kubeba mzigo, fikiria kumdhamini. Usiuchukulie mchezo, jina lako linaandikwa, kwa hiyo msome mtu kwanza. Lakini msitishane kupita kiasi. Marejesho ya aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara wake yeye, asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria ilivyobadilishwa mwaka 2016. Na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, pamoja na adhabu ya asilimia 10, zilifutwa mwaka 2021.

Kama ni mlezi, msianze maandalizi siku begi linapofungwa. Rungwe mna parachichi. Mche wa Hass uliobebeshwa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Panda miche mitano siku mtoto anaingia kidato cha kwanza, iwe na jina lake. Akifika cha sita, zile wiki mbili za kwanza chuoni zitakuwa zinaning'inia mtini.

Na jamani, chuo si chuo kikuu peke yake! Pale Tukuyu kuna chuo cha ualimu Mpuguso. Mbeya kuna VETA, ambako ada ya serikali kwa kozi ndefu kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Fundi umeme mzuri hakosi kula. Tatizo ni kwamba hawa vijana tunawasukumia ufundi kwa sababu hawana watu, si kwa sababu wanaupenda. Anayetaka udaktari asiambiwe akashone kwa kuwa ni yatima. Aulizwe anataka nini, kama tunavyowauliza wa kwetu.

MWISHO WA SAFARI

Mtataka kujua nilimjibu nini. Niwe mkweli, siku ile sikumjibu kitu. Tulifika Uyole, godoro likashushwa, likawa limelowa upande mmoja pamoja na turubai la konda. Nikampa namba yangu na elfu kumi, nikajiona mtu mwema. Lakini nilipofika nilikokuwa nakwenda nikagundua kwamba kijana yule hakuniomba udhamini hata mara moja. Mimi ndiye nilikuwa nimekimbia kabla ya kuombwa.

Nikakaa siku tatu inanikereketa. Ya nne nikapiga simu, nimeshajiandaa, kitambulisho kiko mezani.

"Ahsante sana kaka, nimeshapata," akaniambia.

"Nani? Mwalimu?"

"Hapana. Yule mama anayeuza ndizi pale stendi Tukuyu. Nilikuwa namsaidia kushusha mikungu siku za soko. Nilipompigia kumuomba, akaniuliza kitu kimoja tu, picha ya pasipoti wanapiga wapi."

Wasomaji wangu, mama yule hana mshahara wala gari. Ana kitambulisho na ana moyo. Mimi mwenye kalamu na maneno mengi nilikuwa bado nahesabu.

Nikamwambia kijana, basi nigawie mimi kitu kingine. Akafikiri kidogo, akauliza kwa sauti ya chini: "Kaka, ile likizo ya mwezi wa saba?"

Sebule yangu ni ndogo, na kochi lina mguu mmoja wa tofali. Lakini nimemwambia aje nalo godoro lake. Mama ndizi naye amesema wiki mbili ni zake, atakula kwake. Naona zamu za vyungu zimeanza tena.

Kwa yule mama wa stendi, najua magazeti yetu wanafungia ndizi, kwa hiyo huenda hii ikakufikia: ndaga fijo, mama.

Wiki ijayo tunarudi kwenye umbeya wetu. Kuna dada kaniandikia kwamba mchumba wake kauza simu aliyompa zawadi mwenyewe. Msikose!